Ndimi Niliyekushika Mikono

Deira, saluni, Ijumaa asubuhi

Saumu wangu,

Pasipoti yako haiko kwa mtu wa viza. Nilikudanganya. Tangu Jumanne iko hapa saluni, kwenye droo ya taulo, chini kabisa, na kila ulipoipigia simu ile ofisi kuulizia nilikuwa nakutazama tu huku nakoroga chai. Naanza na hili ili usisome mbele ukidhani unaagwa na mama mwema.

Saluni haifunguliwi mpaka watu watoke msikitini, kwa hiyo nina saa tatu peke yangu. Wewe uko kwa rafiki zako mnapigana picha. Ndege yako ni usiku huu, na baba yako anarudi kutoka China kesho mchana. Wewe unajua ameridhia safari. Mwanzo kweli aliridhia. Jumanne akanipigia simu, sauti ya chini kama mtu anayeagiza mkate, akasema, "Nimefikiri upya. Yule mtoto haendi Marekani. Binamu yake ameleta posa Mombasa, nami nimekubali. Usimwambie kitu, atafanya fujo. Wewe shika pasipoti yake mpaka nirudi."

Nikasema, "Sawa."

Jumatano nilikuwa bado nimesema sawa. Alhamisi vilevile. Leo alfajiri nimeamka nikaona siwezi. Pasipoti nitakukabidhi leo alasiri, ndani ya bahasha moja na barua hii. Lakini sitaki uipokee kama tunu kutoka kwa mama jasiri, maana huyo mama jasiri uliyenaye kichwani nilimtengeneza mimi, kwa uongo, na umefika wakati umjue.

Mambo ya safari yenyewe sina la kukuambia. Akinyi, mwenzangu wa hapa saluni, amekuandikia orodha ya makoti na soksi na dawa za mafua, karatasi mbili, na chini kabisa ameweka, "Koti usinunue hapa, hawa watakuuzia koti ya desert." Mfuate yeye. Mimi sijawahi kuishi kwenye baridi.

Nianze na insha yako. Ile iliyokupatia nafasi chuoni. Ulinisomea jikoni, unasoma sentensi moja ya Kiingereza unanitafsiria, sentensi moja unanitafsiria. Uliandika kwamba mama yako ni msusi kutoka Tanga aliyeishia darasa la saba, na kwamba siku baba yako alipokupiga, mama huyo alijitupa katikati, akapokea ukanda kwa mwili wake. Ukaandika kwamba ndiyo sababu unataka kwenda kusoma jinsi watu weusi na wanawake wa Marekani walivyopigania haki zao, kwa vile umezaliwa na mmoja wa watu wa namna hiyo. Wale kina mama wa chuo wakakujibu kwamba walilia. Nilikuwa nakata vitunguu, Mungu mkubwa.

Saumu, sikujitupa. Ndimi niliyekushika mikono ukipigwa.

Sasa nikukumbushe siku yenyewe, maana nusu yake umeisahau na nusu nyingine nimekubadilishia mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na tano, likizo, unamsaidia baba yako dukani Al Ras kupokea simu za Kiingereza. Mzee Faraji, yule hamali wa Mtwara, alikuwa anashusha magunia ya iliki. Gunia moja likapasuka begani kwake, iliki ikamwagika mpaka mlangoni. Kulikuwa na mteja mkubwa amekaa kwenye kiti anakunywa kahawa. Akamrushia mzee kikombe. Kikombe kikampasua shavu. "Yalla, ya abdi! Okota kwa meno!" Abdi, yaani mtumwa. Mzee Faraji akapiga magoti akaanza kuokota, damu inadondokea kwenye iliki, na baba yako akacheka kidogo, kile kicheko chake cha biashara.

Wewe ukatoka nyuma ya meza, ukasimama mbele ya yule mtu, ukamwambia kwa Kiarabu chako cha shule, kilichonyooka kuliko cha baba yako: "Huyu si mtumwa wa mtu. Na kikombe ni chako, kiokote wewe."

Yule mtu alimgeukia baba yako. "Kumbe na wewe ni walewale," akamwambia. "Miaka yote hii nilidhani ni Mwarabu mwenzangu." Akanyanyuka, akaenda duka la jirani.

Mzee Faraji alikusindikiza mpaka barabarani. Ulinisimulia mwenyewe alivyokuambia: "Bibi mdogo, ungeniacha tu. Neno lile mimi nalivaa asubuhi kama shati la kazi, jioni nalivua." Nawe ukamuuliza, "Na siku likigoma kutoka, babu?" Akacheka, akakuambia uende nyumbani ukale.

Wateja hupotea na kurudi, hilo baba yako analijua kuliko sisi. Kilichomuuma ni lile neno *walewale*. Unaijua ile karatasi ya nasaba iliyoning'inizwa sebuleni, babu wa babu yake katoka Hadhramaut. Kule Mombasa karatasi ile ilikuwa na kazi. Ilimpa mke, ilimpa kiti cha mbele harusini. Hapa Dubai hakuna aliyewahi kumwomba aisome. Hapa alikuwa Mwafrika wa duka la viungo, analijua hilo, na kila mwaka alilimeza na kahawa. Wewe ndiye uliyelitoa nje watu wakaliona.

Na usidhani mimi nilikuwa nje ya ugonjwa ule. Nani alikuwa anakukataza kukaa juani? Mimi. Nani alikupaka dawa ya nywele ukiwa na miaka mitano, ili zilale kama za shangazi zako? Siku ile dawa ilikuunguza, ukapiga kelele, nami ninayejua kazi hii nikakubana kichwa kati ya magoti yangu mpaka dakika ziishe, kwa sababu nywele zilikuwa bado hazijanyooka. Ngozi ilitoka na maji ya kusuuzia. Nikakuambia umejikuna.

Basi, jioni baba yako alikuja nyumbani na ukanda wa plastiki, ule mgumu wa kufungia makatoni, ameukunja mara mbili. Hakupiga kelele. Alivua saa yake akaiweka juu ya friji. "Mshike," akaniambia. "Mshike nisije nikampata machoni."

Nikakushika. Nilikukamata viganja vyote viwili, nikakuvuta juu ya meza ya kulia, mimi upande huu, wewe umelala kifudifudi, uso wako umbali wa shubiri kutoka kwangu. Ukanda ule unalia kabla haujafika. Gauni lako la njano lilipasuka mgongoni, kisha nyama chini ya gauni ikapasuka, na kitambaa kikaingia humo kikanata. Ulimpiga teke baba yako, nami nikakuvuta zaidi mpaka miguu yako ikaning'inia. Pigo moja likateleza, likakupasua kichwa juu ya sikio. Damu ilinirukia mdomoni. Nikaimeza, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Ulikuwa unaniita mimi. Baba yako hukumwita hata mara moja. Wala hukusema "Mama, nisaidie." Ulikuwa unasema, "Mama, niachie. Mama, niachie." Nami nikabana. Ukazimia nimekubana.

Ulipozinduka ulikuwa kwenye mkeka, nakupaka manjano kichwani. Ukaona damu kwenye meno yangu. Ukauliza, "Amekupiga na wewe?" Nilinyamaza, na ule unyamavu ukatosha. Kisha nikaongeza kwa mdomo wangu, "Nilikuwa nakukinga, mwanangu." Ukanikumbatia. Wewe, na mgongo ule, ukanikumbatia mimi.

Hospitali hakuna nafasi, nilikuambia. Uongo. Hospitali wangeuliza. Nikakupunguza nywele kidogo pembeni ya kidonda, nikavuta kingo zake pamoja, nikaanza kusuka.

Hapo lazima nikueleze sheria moja ya kazi yangu. Msusi anasoma vichwa. Ukishapitisha kitana nyuma ya sikio unajua mtu analalia upande gani na amejifungua lini. Na vichwa vya Deira, vya wale dada zetu wanaofanya kazi majumbani na kupata Ijumaa moja ya kupumzika, nimevisoma sana. Alama ya ncha ya pasi. Sehemu iliyong'olewa nywele pamoja na ngozi, laini kama kiganja. Bonde dogo la kisigino cha kiatu. Sheria ni kwamba huulizi. Unageuza mistari, unalaza nywele upande wa pili, unafunika. Mteja anajitazama kwenye kioo, anakuambia "Mungu akubariki, dada," anarudi kulekule alikotoka. Mimi nilikuwa bingwa wa kufunika. Walikuwa wananifuata hata kutoka Sharjah.

Nikakufunika na wewe. Jumapili likizo ikaisha, wiki ya shule ikaanza, ukaenda umekaa wima kama umefungwa ubao. Ukarudi ukaniambia mwalimu amesifu msuko.

Bi Verna nilimpata mwaka uliofuata. Unamjua kama yule bibi Mmarekani mweusi wa Silicon Oasis niliyekuwa namfuata nyumbani Jumamosi kumsuka, mwenye mtoto wa kiume mtu wa kompyuta, aliyekuja kumlea mjukuu. Sasa amesharudi kwao, na anayekupokea huko kesho ndiye huyo. Alichonisimulia sikukusimulia wewe, maana ningekusimulia ningelazimika kusimulia na la kwangu.

Siku ya kwanza nilimwita madam. Akashtuka. "Madam ni yule mwanamke ambaye mama yangu alimfulia nguo maisha yake yote. Mimi niite Verna." Sikuweza, nikamwita Bi Verna, akapenda.

Kichwa chake kilikuwa na makovu mawili. Moja refu, nyuma, limepinda kama mundu. La pili juu ya paji, duara. Nami, kama ilivyo sheria, nikaanza kugeuza mistari. Akanidaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nafunika, Bi Verna."

"Nani kakutuma? Pitisha njia ya nywele hapohapo juu yake. Mistari iende inakotaka."

Akanisimulia nikiwa nasuka, Jumamosi kwa Jumamosi, bila haraka, mjukuu analia chumba cha pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mji mdogo wa Kusini mwa Marekani, wakati mtu mweusi akienda kujiandikisha kupiga kura anafukuzwa kazi, anachomewa nyumba, au anaokotwa mtoni. Wakaenda wanawake sita, wamevaa nguo zao za kanisani. Walifika ngazi za mahakama. Polisi mmoja alimpiga rungu kisogoni hata kabla hajafungua mdomo, na hilo ndilo kovu la mundu. Mwenzake aliyekuwa mjamzito alipigwa teke la tumbo, na mtoto hakuzaliwa. Wakatupwa jela.

Kule jela polisi walitaka aseme "Ndiyo, bwana." Hakusema. Wakamlaza kwenye kitanda cha chuma. Walikuwa na kipande cha ngozi chenye madini ya risasi ndani yake. Walipochoka kumshika wakaita mpishi wa jela, mwanamke mweusi kama yeye, mfungwa vilevile, wakamwambia, "Mshike mikono."

Kitana kilinisimama nywelani.

"Akakushika?"

"Akanishika. Walionipiga, leo hata nikikutana nao njiani siwajui. Lakini yule dada, mpenzi, nakumbuka mpaka kucha zake. Alikuwa na unga wa mahindi kwenye kucha."

Sikuuliza zaidi siku ile. Nilirudi nyumbani nikasema kichwa kinaniuma, ukanichemshia tangawizi.

Jumamosi iliyofuata akanisimulia la kovu la pili, na hili ndilo nataka uende nalo, maana vitabu vyenu sijui kama vinalo. Alipotoka jela alipokelewa kwa nyimbo. Akaingia ofisini kwa wapigania haki, watu wake mwenyewe, weusi, waliopigwa kama yeye. Wakampa kazi ya kupiga chapa na kuchemsha kahawa. Siku moja kwenye kikao akanyoosha mkono aseme mambo waliyofanyiwa wanawake gizani kule jela, yale ambayo hayasemwi. Kiongozi akamwambia kwa upole, "Dada yangu, tumalize kwanza hili la rangi. Yenu yatafuata." Akaolewa na mmoja wao, mtu jasiri kweli, aliyetembea mbele ya mbwa wa polisi bila kurudi nyuma. Walipigwa picha kwenye maandamano, ikatoka gazetini. Mumewe yuko katikati. Yeye kimeonekana kiwiko.

"Kiwiko changu kiko kwenye historia," akaniambia, akacheka mpaka nikashindwa kusuka.

Mume huyohuyo, siku Bi Verna alipombishia mbele ya watu, alimpiga kwa birika la chuma la kahawa. La moto, na kahawa ndani. Hilo ndilo kovu la duara. Na wanawake wenzake wakamwambia usiite polisi. Utamkabidhije ndugu yetu kwa wale mbwa? Akakaa na lile fungu la maneno miaka kumi na moja. Alipoondoka, akaenda kwenye kikao cha wanawake wa mji mkubwa, weupe wengi, wanaodai usawa. Wakamkaribisha kwa tabasamu, wakamwambia la rangi litawagawa, lingoje, kisha mmoja akamwonyesha jikoni. "Saumu wako akienda kwetu," alisema, "mwambie mimi kila mlango nilioingia nilikuta birika linanisubiri."

Nilimsimulia Akinyi saluni. Akatupa taulo; yeye bibi humwita shosho. "Aki huyo shosho ni moto! Mimi huyo bwana ningemnyoa na wembe butu, halafu nimpake spiriti." Tukacheka wote. Nilicheka kwa sababu Akinyi hakujua amekaa karibu na nani.

Jumamosi nyingine ndipo nikauliza. "Yule mpishi, Bi Verna. Ulimsamehe?"

Akasema walikutana baada ya miaka mingi, kwenye foleni ya duka, wote na vikapu vyao. Yule mwanamke akamtambua, akaweka kikapu chini. Akasema, "Wangeniua ningekataa." Bi Verna akamjibu, "Najua. Hilo sina ugomvi nawe. Nina ugomvi na jambo moja tu. Walikuambia unishike. Mbona ulibana kuliko walivyokuambia?"

"Akajibu nini?"

"Akalia. Akasema, nilidhani ukitulia watachoka upesi."

Sikujua kama nimeacha kusuka. Bi Verna alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Wewe ulimshika nani?" akaniuliza.

Nikasema, "Mwanangu."

Sikupewa pole. Hakunigusa bega. Alisema tu, "Basi kamwambie, kabla hajajijengea nyumba juu ya uongo." Akageuza kichwa nimalizie mstari.

Nyumba ulishaanza kuijenga. Miaka miwili nimekaa bila kusema. Kila nilipotaka, ulikuwa na mtihani, au baba yako yuko nyumbani, au umekuja kuniegemea ukaniita shujaa wako, na mtu aliyechoka akiitwa shujaa anapenda kulala na jina hilo.

Nisikie sasa jinsi ilivyokuwa, bila kupunguza. Ni kweli nilimwogopa. Nilikuwa nimeolewa na miaka kumi na sita, nikakuzaa na kumi na saba, na mbavu zangu mbili ziliungana vibaya kabla hujajua kutembea. Ningekataa kukushika angenipiga mimi. Lakini angenipiga, Saumu, na mimi kupigwa nakujua. Hilo si sababu yote. Nilibana kuliko alivyoniambia. Kuna kitu ndani yangu kilikukasirikia. Ulikuwa umesema dukani kwa sauti safi jambo ambalo mimi nililimeza miaka yote, na nilitaka unyamaze ili na mimi niweze kuendelea kunyamaza. Kwa dakika zile nilikuwa upande wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo huko uendako, wakikuonyesha picha za wale waliopigwa wakiimba, waheshimu, lakini usije ukaamini kwamba mtu aliyepigwa hawezi kupiga. Baba yako aliitwa walewale asubuhi, jioni akachukua ukanda. Mimi nimepigwa, nikawa kamba ya kukufungia. Hata wewe una damu hiyo. Mwaka juzi ulimzaba kofi yule dada Mhabeshi wa jirani aliyekuvunjia simu, ukamwambia "wewe mfanyakazi tu." Nilikuona. Sikukugombeza kwa sababu ningekugombeza kwa mdomo gani?

Na mtu akikuambia ungoje, la kwako litafuata, muulize kwa heshima ni nani anayechemsha kahawa mkiwa mnangoja. Basi, inatosha. Siwezi kukufundisha kupigana, sijawahi kupigana na mtu.

Insha yako sikuombi uirudishe kwao. Nafasi umeipata kwa kichwa chako. Ila siku utakapomsimulia mtu habari zangu, useme kwanza, "Mama alinishika mikono." Ukiona yafaa, ndipo useme na hili la leo. Kwa mpangilio huo. Usianze na la leo.

Na wala usinisamehe usiku huu uwanja wa ndege kwa sababu tu ndege inaondoka. Ukitaka kupita bila kunikumbatia, pita. Nitaelewa, na Akinyi nitamwambia ulikuwa na haraka. Ukikaa mwaka bila kunipigia simu, nitaelewa. Bi Verna alikaa miaka mingi zaidi ya hiyo.

Utakuwa unajiuliza kesho mchana itakuwaje nikiwa peke yangu. Viza yangu haiko tena kwa baba yako. Tangu mwaka jana kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza, ni madam wa saluni, nilihamisha kimyakimya, Akinyi ndiye aliyenijazia fomu. Kesho sitakuwa nyumbani. Nitakuwa hapa, kwenye mlango wa kioo, wateja wamejaa, na Akinyi ameapa kushinda na pasi ya nywele mkononi, imewashwa. Nguo zangu nimezihamishia kwake tangu asubuhi, mfuko mmoja. Naogopa. Nakuambia ili usije ukabuni tena mama asiyeogopa.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini nikaona nikikupa pasipoti huku baba yako anaamini bado ninayo, nitakuwa nimemdanganya yeye kama nilivyokudanganya wewe, na uongo huo utakuja kukuangukia. Kwa hiyo nimeiweka kalamu nikampigia. Nakuandikia kama yalivyotoka, bado masikio yanaunguruma.

Alipokea upesi. "Kuna nini? Niko ghalani."

"Saumu anasafiri usiku huu."

"Nilikuambia ushike pasipoti."

"Nilishika. Sasa nampa mwenyewe."

Nikasikia watu wa kule wanaongea Kichina, mlango wa chuma unafungwa. Alisogea pembeni. Akaanza polepole. "Wewe mwanamke wa Tanga, nilikuokota wapi? Eh? Nilikuokota wapi?" Hakungoja jibu. "Kesho nikifika nitakuvunja mkono mmoja, halafu nitakuuliza ni upi uliompa pasipoti, nivunje na wa pili." Aliyasema bila kupandisha sauti, kama Jumanne. Nikakaa chini sakafuni, kwenye nywele za jana ambazo hazijafagiwa.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na simu hii ya saluni inarekodi." Hairekodi. Huo nao ni uongo, uandike kwenye hesabu yangu.

Sauti yake ikageuka nyingine, ile aliyokuja nayo kwetu kuposa. "Mama Saumu. Mtoto akishaondoka, wewe unabaki na nani?"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, mwanangu, simu huwa anakata yeye. Leo nimekata mimi.

Mama yako,
Mwanahamisi